Hatamu Iliyoondoka na Kut

Zhana-Aul, Kosh-Agach
20 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Ergazy,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. U mzima? Kile kifua kimepona? Nurten na watoto wanaendeleaje hapo Ankara, na bado wanacheka matamshi yako? Sisi huku wazima, na safari hii nasema hivyo kwa moyo wote, si kwa mazoea ya barua. Kondoo wameanza kuzaa, upepo ni uleule, na Baba anakula. Kula kwake si jambo dogo, utaona.

Uliniuliza kuhusu neno kut kwa ajili ya kitabu chako. Umesema Waturuki wa hapo wamebaki nalo katika kupeana pongezi, Wayakuti wa kaskazini huliita roho, na Wamongolia wana la kwao linalofanana nalo, la utakatifu, na wasomi bado wanabishana nani alimkopa nani. Hayo nakuachia wewe. Mwaka jana ningekujibu kwa mstari mmoja tu: kut ni baraka ya nyumba, ile inayofanya maziwa yatoshe na watoto wakue. Majira haya ya baridi yamenionyesha kwamba nilikuwa nalitamka tu bila kulijua.

Mdogo wetu Sabyr aliuza yule farasi jike mwekundu. Mnunuzi, mmoja wa majirani zetu Watelengiti wa kijiji cha Kurai, aitwaye Erkemen, alikuja na lori wakati theluji inaanza, dereva anapiga honi, na Sabyr kwa pupa akampakia mnyama pamoja na hatamu yake. Hata mate ya mdomoni hakumpangusa. Unajua mwenyewe: mnyama huuzwa, hatamu hubaki na mate yake hupanguswa, la sivyo kut ya zizi humfuata mnyama. Hata walevi wa kijiji hiki hawasahau jambo hilo. Ndugu yako alilisahau.

Baba akakuta msumari wa hatamu mtupu. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisukuma kando bakuli lake la chai, akasema kut imetoka, na tangu hapo hakula vizuri. Siku chache baadaye ng'ombe akaharibu mimba. Baba akarudia maneno yaleyale, na mkewe Sabyr, wifi yangu Marzhan, akayasikia.

Hatukuwa tumekuambia kwamba Marzhan ni mjamzito. Zile mimba mbili zilizoharibika unazijua, kwa hiyo hii tuliificha hata kwenye simu. Aliposikia kut imetoka, alijilaza akaugeukia ukuta. Chakula hataki, mazungumzo hataki. Daktari alisema mtoto yuko salama, ila mama akiendelea hivyo yeye haahidi kitu. Nilimwomba Baba amtulize mkamwana wake. Akaniuliza kama nataka amdanganye. Nampenda mzee wetu, lakini siku hiyo nilitamani kumtikisa mabega.

Mimi mambo haya siyaamini sana. Lakini dawa ya moto ni moto. Nikamkamata Sabyr, tukaenda Kurai kuifuata hatamu. Njia nzima alinung'unika kwamba tutaonekana vichaa, wale si Wakazakh wenzetu. Nikamwambia kichaa ni yule aliyeuza farasi akampa mtu na baraka juu yake. Nilijitia ukali tu, mdogo wangu. Moyoni niliogopa wamekwisha itupa.

Aliyetupokea ni mama yake Erkemen, bibi mmoja anaitwa Torko. Nikaanza kwa kuzunguka, mara hali ya hewa, mara afya ya yule farasi. Akanikatiza.

"Nani mgonjwa kwenu?"

Nikasema si mgonjwa, ni mjamzito, na tumekuja kuomba hatamu yetu. Akaweka kikombe chini.

"Kwetu kut ndiyo mtoto mwenyewe, kabla hajapata mwili," alisema. "Mbona mmechelewa hivi, mwanangu?"

Kumbe aliiona hatamu siku ileile, akamsema mwanawe kwa kuipokea. Hakukubali iguswe wala iingizwe ndani. Aliitundika bandani, akingoja theluji ipungue barabarani ili mwanawe aturudishie. Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na vipande vya jibini kavu, maana kitu cha watu hakirudi kikiwa peke yake. Sabyr, aliyekuwa akiogopa kuchekwa, hakuweza hata kushukuru vizuri.

Tulipofika nyumbani nilidhani Baba ataitundika msumarini. Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Marzhan. Tangu aingie kwetu bibi harusi, Baba, kwa desturi ya mkwe, alikuwa hajawahi kulipita pazia la chumba kile. Akaiweka hatamu miguuni pa kitanda.

"Amka ule, mwanangu," alimwambia. "Kut iko hapa. Mimi ndiye niliyeogopa, nikakuogopesha na wewe."

Kisha akaketi sakafuni, akaomba bakuli lake, wakala pamoja. Nililia jikoni bila aibu. Sabyr akaniuliza kama ni vitunguu, naye macho yake mekundu kuliko yangu.

Mtoto amezaliwa Jumanne iliyopita. Ni msichana, Kunsulu, mzima, mnene, na akilia jirani wanazima redio wamsikilize. Marzhan anakula hadi tunamtania. Ergazy, sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mzito kiasi gani mpaka nilipoutua.

Kitovu mkunga alishakikata hospitalini, lakini desturi ni desturi, mama wa kitovu, yule mama wa pili wa mtoto, lazima achaguliwe. Shangazi Bibish, akidhani ni yeye, alikwisha shona na gauni. Baba akamchagua Torko, akamtuma Sabyr Kurai kumleta. Amekaa mahali pa heshima, mtoto mapajani, akimnong'oneza kwa lugha yake, na Baba mwenyewe anammiminia chai.

Nisalimie sana Nurten, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wanakusalimu Baba, Sabyr na Marzhan. Shangazi Bibish anakusalimu pia, ingawa bado amenuna. Na anakusalimu Torko, ambaye humjui. Anasema wewe ni ndugu wa baba yake Kunsulu, kwa hiyo ni mwanawe, na anauliza ni lini utamletea wajukuu zake awaone.

Mungu akulinde, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Zeynesh