Oleta Alikuwa Anasikia Kwanza

Nyumba ya juu, Barabara ya Laurel Fork,
Dunmore Gap, Kentucky.
Jumapili ya Pasaka, jioni.

Mpendwa shemeji yangu Verlin,

Oleta amekufa. Alikufa Jumanne kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi, hapa nyumbani. Tulimzika Ijumaa.

Najua barua inaanza kwa salamu. Sikutaka usome habari za mvua kwanza halafu ndio ukutane na hili. Sasa nakusalimu. U mzima? Mgongo umepona? Huko Alaska baridi imepungua au bado mnapasua barafu kwenye kamba? Mimi mwili mzima. Nakula. Wanawake wa kanisani wamejaza friji mpaka mlango haufungi, na nyama ya nguruwe sitaki kuiona tena mwaka huu.

Nilipiga simu kwenye kampuni yenu ya samaki. Msichana wa ofisini akasema meli yenu iko mbali, hamshuki mpaka baada ya Pasaka, ila anaweza kukurushia habari kwa redio ya meli. Nikamwambia acha. Sikutaka habari ya dada yako uisikie hivyo, umeshika nyavu, watu wanakutazama. Nikasema nitaandika, wakupe ukishuka. Kama nimekosea, nitukane tukionana.

Zilikuwa figo, unajua. Mwezi wa pili akasema ile mashine ya kusafisha damu basi, imetosha. Daktari akamweleza kitakachofuata, akasema ameelewa. Mimi nilibisha. Kubishana na Oleta unakujua wewe, umelelewa naye. Nikahamisha kitanda nikakiweka sebuleni, pale dirishani, aone ile miti ya maua ya zambarau kule mlimani. Mwaka huu ilichanua mapema. Aliiona. Uyoga wa porini hakuuwahi, ulikuwa haujatoka, na mwaka jana aliukaanga mpaka wa mwisho akasema mwakani atabakiza kidogo.

Na vijana wetu wa chuo walikuwa wanacheza mpira wa kikapu. Sijui kama mnapata habari huko. Verlin, mwaka huu waliingia mashindano ya Machi, yale ya vyuo vya nchi nzima, na hawakutoka. Kile chuo kidogo cha Landrum, ambacho jumba lake la mpira lilikuwa linavuja mvua. Walishinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Zote mbili Oleta alizisikia, kitandani, redio kifuani.

Wewe ile redio ilikuwa inakukera. Televisheni tumezima sauti, maana wale watangazaji wa mbali hata majina ya vijana wetu hawawezi kuyataja, na kwenye redio anatangaza mtu wa kwetu. Na picha inachelewa nyuma ya redio. Kwa hiyo mimi na wewe tunatazama mpira bado uko mkononi mwa kijana, Oleta kule jikoni na redio yake ameshajua. Anapaza sauti, "Subirini, mtaona!" Wewe unamwambia azime, anakuharibia. Sisi tunangoja, halafu kweli, mpira unaingia. Na akinyamaza, tulijua tumekosa. Sauti ya sahani tu.

Kitandani ilikuwa hivyo hivyo, ila sauti imekuwa ndogo. "Subiri, utaona." Mimi kwenye kiti natazama picha.

Sasa nikukumbushe jambo, maana wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa mezani kwetu unakula maharage na mkate wa mahindi. Oleta alikuwa ananisumbua tena nibatizwe. Nikamwambia siku vijana wa Landrum wakiingia timu nne za mwisho za nchi nzima, siku hiyo nitaingia kijitoni na viatu vyangu. Wewe ulicheka mpaka ukapaliwa. Timu yenyewe wakati ule ingefungwa na wapishi wa shule. Oleta hakucheka. Akafuta mikono, akasema, "Nimekusikia, Denzil. Na Verlin ni shahidi."

Basi kila mwaka, maua yakichanua, ananikumbusha. Wakipoteza ananiambia mwakani. Mimi nilimpeleka kanisani kila Jumapili, nikabaki nje kwenye pikapu. Nilikuwa sina ugomvi na Mungu. Tulikuwa hatujuani tu.

Lakini zile siku za mwisho hakunisumbua. Hata neno moja la maji hakusema. Nilingoja aseme. Nilikaa pale karibu, nikasema moyoni, akisema leo nitakubali. Hakusema. Aliniuliza tu wanacheza lini tena. Nikamwambia Ijumaa. Akasema, "Sitafika. Utanisikilizia." Ndilo la mwisho la maana alilosema. Baada ya hapo aliomba maji ya kunywa.

Hilo ndilo lililonikaa, shemeji, kuliko hata kumfukia. Yeye akinyamaza, maana yake mpira haukuingia. Nikajiuliza, ameona nini mbele yangu mpaka akanyamaza? Amejua kwamba mimi huko aliko sifiki?

Tulimzika pale juu kwa baba yenu na mama yenu. Ile baridi inayokuja maua yakishachanua ilirudi siku hiyo hiyo. Theluji kidogo juu ya maua. Kaburi tulichimba wenyewe, mimi na watu wa kiwandani ninakofanya kazi. Jamaa mmoja alitaka niketi. Nikamwambia aniache na koleo langu. Nafasi kando yake nimeiacha. Yako iko upande wa mama.

Jioni yake vijana wakacheza na mimi redio sikuiwasha. Aliniomba nimsikilizie, nikashindwa. Niliketi jikoni na kofia yangu. Nilijua wameshinda nilipozisikia honi za magari huko barabarani.

Jumapili ya Matawi nikaenda. Ilikuwa mechi ya kuingia hizo nne za mwisho, na Ndugu Hobart, mchungaji, alikuwa amekubali televisheni na redio viwekwe ukumbi wa chini wa kanisa baada ya ibada ya jioni. Unamjua Ndugu Hobart, wiki nzima anaendesha basi la shule, na akiomba huwa anapitia kijiji kizima jina kwa jina. Siku hiyo aliomba kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Nikashuka na redio ya Oleta nimeikumbatia. Watu wakanipisha. Wakaniachia kiti cha mbele.

Walishinda. Redio ilisema kabla, na watu wote ukumbini wakaruka huku kwenye picha kijana bado anakimbia na mpira. Mimi nilikaa. Hapakuwa na mtu wa kuniambia subiri.

Watu wakalia, wakaimba. Shangazi yenu Icy akaja na fimbo yake, akasimama mbele yangu. Huyu mama miaka tisini na kitu, meno hana, ulimi upo. Akasema watu wote wasikie, "Haya, bwana mkubwa. Wameingia nne. Viatu vipi utavaa?"

Wengine walitazama chini, wakaona amenionea, mtu nimetoka kuzika juzi. Mimi sikukasirika. Nilikuwa nangoja mtu alitaje.

Jumatano nikamfuata Ndugu Hobart pale anapoosha basi. Nikamwambia nimekuja habari ya maji. Hakuacha kusugua. Akasema, "Maji si ya kulipia dau, Denzil. Mtu haingii kwa sababu ya mpira. Unaamini?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Basi unaamini nini?"

Nikamweleza habari ya redio. Kwamba miaka yote nimekaa kwenye kile kiti natazama picha, na Oleta ananiambia kitakachokuja kabla sijakiona, na hajawahi kunidanganya hata mara moja, zuri wala baya. Na huyo huyo Oleta alisema wafu watafufuka. Mimi sijakiona. Nikamwambia, "Simjui huyo Yesu wako vizuri. Oleta namjua. Kama amesema amesikia, amesikia."

Akasugua tairi moja lote. Halafu akasema, "Hiyo si imani kubwa."

"Ndiyo niliyo nayo."

Akanitupia kitambaa. "Njoo Pasaka. Nimewahi kuwazamisha wenye ndogo kuliko hiyo. Shika huko nyuma, usiache sabuni kwenye kioo." Tukaosha basi.

Jana vijana walipoteza. Hii nakwambia haraka. Nilisikiliza nyumbani, televisheni bila sauti, redio juu ya kitanda chake, maana kitanda bado sijakitoa. Mwisho walikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira kwetu. Redio ikasema umegonga chuma, umetoka, basi. Na kwenye picha yule kijana mrefu wa kutoka Harlan bado ameushika. Ndio kwanza anaruka. Nikautazama ule mpira ukipanda, najua. Nikamwonea huruma. Akatua akiwa bado anaamini.

Leo asubuhi tukaenda kijitoni, pale chini ya daraja, pale ulipobatizwa wewe. Baridi bado. Maji yamejaa na yana rangi ya chai. Wanawake wamejifunika mablanketi. Tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja wa akina Sizemore, yeye anatetemeka kabla hajagusa maji.

Unajua mimi na kanzu za kanisa. Zile nyeupe za ubatizo, ndefu kuliko zote inanifika magotini. Ulikuwa unanitania kwamba sibatizwi kwa sababu naona aibu ya miguu yangu. Nilikuwa nimejiandaa niingie na suruali ya kazi. Shangazi Icy akaniita kwenye gari lake. Akatoa kanzu kwenye mfuko, akasema, "Vaa hii. Ni yako."

Nikaivaa. Ikafika kwenye vifundo vya miguu.

Nikainama nikatazama pindo. Imeungwa chini, kipande kirefu, mshono mdogo mdogo. Kitambaa nilikijua. Ni lile pazia letu jeupe la jikoni lenye mistari, lililokuwa juu ya redio. Mimi nilidhani amelitupa.

Nikamuuliza Shangazi ameshona lini. Akasema si yeye, macho yake hayaoni sindano. Oleta alimpa mwezi wa kwanza, ligi haijafika hata katikati, vijana wamefungwa mara tatu mfululizo. Akamwambia aiweke, na asiniambie. Siku zile za mwisho Shangazi alimuuliza mbona hanisumbui tena. Akasema, "Hakuna haja."

Shemeji, ndio hivyo. Hakunyamaza kwa sababu nilikosa.

Niliingia na viatu, kama nilivyosema. Ndugu Hobart akanishika pua na mgongo akanipeleka chini. Ni baridi ya kuua. Sikuona mwanga, sikusikia kitu, masikio yalijaa maji. Nikatoka nakohoa. Watu wakaimba. Nikamtafuta kati yao, ndio mazoea, nilitazama pale anaposimama. Hayupo. Nilijua hayupo na nikatazama.

Sitakudanganya kwamba nimepoa. Nyumba iko kimya na nachukia kurudi. Nakwambia tu kwamba nimeingia majini na wewe ndiye uliyekuwa shahidi, kwa hiyo ujue.

Redio nakuwekea wewe ukiitaka. Kanzu nimeomba nibaki nayo, wamekubali.

Shangazi Icy anakusalimu, anasema uje kabla hajafa na usije na mkono mtupu, ulete samaki. Ndugu Hobart na mkewe Wanda wanakusalimu. Binamu yako Dwain pia, yeye ndiye aliyebeba jeneza badala yako, upande wa kushoto mbele. Wasalimie wenzako wa melini. Uyoga ukitoka nitaupeleka kwa Shangazi, mimi kukaanga sijui.

Mungu akushike huko kwenye maji makubwa, kama alivyonishika kwenye haya madogo. Oleta alikuwa anakutaja kila usiku akiomba. Sasa nitakutaja mimi, uvumilie, bado najifunza.

Naacha hapa. Viatu viko juu ya jiko vinakauka, sina vingine. Kesho narudi kazini.

Shemeji yako akupendaye,
Denzil