Chumba Chako Juu ya Maganda

Karagwe, Kagera

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Wanao hawajambo? Kifua cha Mama kimepoa, au bado anakohoa na kuwasingizia majirani moshi wao? Mimi mzima, nakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, nikijikuna natoka utomvu.

Dada, mimi nilizaliwa na bahati, hilo usibishane nami. Wanyambo wenyewe, wenyeji wa huku, wanagombania viwanja, mimi mtu wa Tanga nimepewa changu bure, kando ya barabara ya Nyakasimbi. Nimesimamisha nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba viwili. Cha nyuma chako na wanao. Mashemeji wakikufukuza tena kwenye nyumba ya marehemu, waambie mdogo wako ni bwana mkubwa huku.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hunitangulia. Barua anakuletea Salimu wa duka la vitenge, anakuja huko kufuata mzigo.

Kiwanja chenyewe kina hadithi. Si unajua nipo kwenye trekta la taka: Kamugisha, mtu wa Songambele, anaendesha, mimi napakia na kumwaga. Taka za majumbani huku ni maganda ya ndizi, majivu na mifuko. Tulikuwa tunazimwaga kwenye shimo la zamani lililochimbwa moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara. Tukilijaza mpaka mdomoni, Kamugisha anapita juu na trekta, zinalala goti zima. Tunajaza tena. Wiki inayofuata limebonyea. Nikawa nacheka, "Shimo hili lina minyoo!"

Mwishowe tukalifunika udongo, tukashindilia mpaka tairi likawa haliachi alama. Mwenye shimo akasema, "Mswahili, ukitaka jenga." Nikajenga. Chumba cha mbele kikakaa kwenye ardhi ngumu, cha nyuma juu ya shimo. Kwanza kilikuwa cha miti na udongo, kikatulia. Nikaona dada yangu hawezi kulala kwenye udongo, nikabomoa, nikapandisha tofali.

Hapo ndipo kikaanza kushuka. Kumbe trekta lilizikamua taka hewa tu, dada. Maganda yalikuwa bado yanaoza kule chini, yanageuka maji, yanapungua, na mimi nimeyatwika tofali. Mvua zikaja. Mlango wako ukagoma kufunga, nikaupiga randa, ukagoma tena. Ufa ukatokea kati ya vyumba, kwanza wa kidole, baadaye mkono mzima unapita. Jirani yangu Mama Koku akaja na watu kuchungulia.

"Waitu, ndugu yetu, vyumba vyako vinapeana talaka."

"Ndiyo mtindo wa pwani. Tunaacha njia ya upepo."

"Upepo gani unanuka hivyo? Baba, lundo la maganda nyuma ya jiko langu nikipanda maharage linanifika kiunoni, nikija kuvuna liko kwenye kifundo cha mguu. Wewe umejenga juu ya lundo."

"Langu limeshindiliwa."

"Lenyewe linajua?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Walipoondoka nikajaza moramu kwenye ufa, ndoo kwa ndoo, ukameza. Nikapanga mawe kuegemeza ukuta. Mawe nayo ni mzigo, yakazama, ukuta ukayafuata. Mchana kweupe nikausukuma kwa mgongo, mtu mzima nalia, Kamugisha ananivuta shati.

"Toka! Utafia humo kwa ajili ya tofali?"

"Si tofali. Ni dada yangu."

Akanivuta mpaka nje.

Sasa Salimu ananiambia umeshagawa kitanda na watoto wameaga shuleni. Dada, nakuomba kwa jina la baba yetu, usipande basi. Kitanda kaombe kirudishwe. Ng'ang'ania hapo hapo, wakutukane, wewe kaa. Mjomba Hamadi akaongee na mashemeji, yeye wanamwogopa.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Msalimie Mjomba Hamadi na mkewe, na bibi jirani aliyetulea. Watoto waambie mjomba wao anawapenda, na hilo wasilitilie shaka.

Mdogo wako,
Shabani

Dada, pale juu nilipojisifu nilikudanganya. Ukuta ulianguka Jumanne, ukavuta na chumba cha mbele. Nalala kwenye banda la trekta. Sina nyumba.