Bibi, Ubao wa Msikiti Bado Hauna Jina

Bibi yangu Zainabu,

Nakusalimia kwa kalamu, maana kaburini kwako sijafika tangu wakuzike, na wewe unajua desturi yetu hapa, wanawake hatuendi. Mume wangu Yusufu ndiye anayekwenda. Ananiambia uko upande wa chini, karibu na senyenge, na majani yameshaota vizuri. Namuuliza kila mara, yameota vipi? Anachoka na mimi.

Nimejifungua, Bibi. Mtoto wa kike, ana paji la uso kama lako. Jina lake nitakuambia, lakini ngoja kwanza, maana limetoka kwenye ugomvi na ugomvi wenyewe ni wako.

Msikiti wetu wameubomoa. Walisema umechakaa na mteremko unaula, tujenge mpya, wa ghorofa. Hata kile chumba chako cha nyuma, cha kuoshea maiti, hakipo. Limebaki jeneza tu, lile la mbao la msikiti linalompeleka kila mtu makaburini na kurudi tupu. Wamelifunika turubai la shitingi pembeni mwa kiwanja. Anayejenga ni Haji Sefu, mwenye godauni kule Masoro. Mtoto wa Mzee Rajabu. Ndiyo, Rajabu huyohuyo.

Mchana mmoja Yusufu alirudi kutoka Gakiriro, kwenye karakana za maseremala, na ubao begani. Amepewa kazi ya kuchonga jina la msikiti, litakaa juu ya mlango mkubwa. Alikuwa na furaha, unamjua fundi wangu akipata mbao nzuri, anaipapasa kama shingo ya ng'ombe. Akaulaza mezani nikasoma maandishi ya penseli: Msikiti wa Mzee Rajabu.

Nikamwambia, ukichonga hilo jina tutalala vyumba tofauti.

Akasema, "Mama, sisi tuna chumba kimoja."

Nikamwambia, basi utalala nje na ubao wako.

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kama ulivyonieleza wewe, kidogo kidogo, zile siku ulipokuwa unanifundisha kukunja sanda. Kwamba mwaka wa mauaji, Watutsi walipokuwa wanawindwa nyumba hadi nyumba, wewe uliwaingiza kwenye chumba chako cha kuoshea maiti. Kwamba uliwavisha sanda wakiwa hai, mmoja mmoja, ukawalaza kwenye jeneza, na wanaume wa msikiti wakawabeba wakisoma dua kwa sauti mpaka wakavuka kizuizi cha wauaji barabarani. Wale wa kizuizini hawakutaka kufunua maiti ya Kiislamu. Makaburini mtu anafunguliwa, anaingia kwenye mafunjo ya bondeni, jeneza linarudi kuchukua mwingine.

Na kwamba wa mwisho alikuwa Uwera, jirani yako mshona nguo, yule aliyekuwa anaimba akishona mpaka unamwambia apunguze. Ulishamfunga sanda. Ulimwambia avute pumzi ndogo ndogo. Ukatoka kuita wabebaji, ukakuta Mzee Rajabu amelitia jeneza ndani ya stoo na kulifunga kwa mnyororo. Alikuwa mkubwa wa msikiti. Alikuambia, "Zainabu, sasa inatosha, utatumalizia watoto." Ulimpigia magoti. Alitia ufunguo mfukoni akaenda kwake. Na walipokuja hao wauaji walimkuta Uwera amelala palepale, amevaa nguo ya kaburini tayari.

Ulimzika na sanda ileile. Hukupata jeneza hata siku hiyo.

Yusufu akachukua kitambaa akafuta penseli.

Bibi, naandika wazi, mimi nataka kulipiza. Wewe ulikuwa mtu wa kumeza. Rajabu akikusalimia ulikuwa unamjibu kwa kichwa, mdomo haufunguki, na mimi nikiwa mdogo nilidhani unaumwa meno. Lakini uliendelea kufagia msikiti ambao yeye anakaa mbele. Mimi sina moyo huo. Hao watu walishapata viti vya mbele, na sasa wanataka na mlango.

Wakaitisha mkutano wa jina, kwenye hema kiwanjani. Nilikwenda na mimba yangu ya mwishomwisho, nikakaa na kina mama nyuma ya pazia. Wengine walitaka jina la sahaba, wengine la mtaa wetu. Haji Sefu akasema baba yake ndiye aliyeulinda msikiti usichomwe mwaka ule, na historia itunzwe. Watu wakaitikia. Mimi nikasimama nikasema yote, na kina mama wawili wakanivuta gauni nikae. Sikukaa.

Haji hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Aliongea pole pole kama mtu anayemnyamazisha mtoto. "Umva, sikiliza, binti yangu, wewe umezaliwa juzi. Siku tunamzika baba, kabla ya kufukia, mimi mwenyewe nilisimama nikauliza, kama tunavyouliza kwa kila maiti: nani alikosewa na huyu mtu? Aseme sasa au asamehe. Nikauliza tena. Mukecuru wako, huyo bibi yako, alikuwa hai, alikuwa msibani. Hakusema kitu. Basi alisamehe. Wewe unafukua nini?"

Hema lote likasema naam, hiyo iko kweli. Hata pazia lilisema naam.

Nilikuwa naanza kukaa, Bibi. Halafu nikasikia harufu ya vitunguu, wallahi. Nikakumbuka hiyo siku. Nilikuwa binti mdogo, tuko uani kwa Rajabu na beseni la vitunguu katikati yetu, wewe unakata na mimi namenya, wanaume wameshakwenda na jeneza. Ulikata vyote na jicho lako halikutoa chozi. Nilikuuliza kwa nini hulii, vitunguu vinawasha hivi. Ukasema, "Hapa sina cha kulia."

Nikasema kwa sauti, "Haji, uliuliza wapi?"

Akasema, makaburini.

Nikasema, "Bibi yangu alikuwa anakukatia vitunguu vya pilau ya msiba. Makaburini mwanamke haendi. Nani alirudi uani kumuuliza?"

Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Mimi nilikuwa naosha mchele. Hatukuulizwa." Mwingine naye akasema hivyo hivyo. Wanaume wakamgeukia shehe, na shehe akajikohoza, akasema haki ya mtu haisamehewi na mwingine, na kama mwenyewe amekufa inabaki kwa walio wake. Basi nikasema mbele yao wote: mimi ndiye wake, na sijasamehe.

Nilimwona Haji Sefu akitafuta kiti kwa mkono.

Alikuja nyumbani baadaye, peke yake, na sukari na sabuni ya mtoto. Ubao umeegemea ukutani, mtupu, na yeye anauangalia. Akasema jina ameacha, waandike wanalotaka, lakini nimpe radhi, baba yake asilale na deni la watu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Ungekuwa wewe ungemhurumia. Mimi niliona raha, Bibi. Nilimwekea chai na nikaona raha akiipuliza.

Nikamwambia, haki ya Bibi ninayo mimi, naweza kutoa. Ya Uwera nani ataitoa? Kwao hakubaki mtu.

Akaniuliza, "Sasa nimuombe nani?"

Nikamwambia, waombe wote. Siku ya kufungua msikiti, Ijumaa, simama mbele useme kwa mdomo wako: baba yangu alifunga jeneza, na mtu alikufa akilisubiri. Ukishasema, mimi nitatoa ya Bibi papo hapo. Kabla ya hapo usinitafute.

Alisema hawezi, ni baba yake. Akaondoka, chai imebaki nusu. Sukari nilimrudishia.

Halafu mtoto akaja. Siku ya kumnyoa nywele na kumpa jina tulialika kiwanja kizima, na Haji naye alikuja, maana kukataa kungeonekana. Walimpa sahani ya kwanza. Shehe akamshika mtoto, akamuadhinia, akanigeukia niseme jina. Yusufu alijua, tulikubaliana. Nikasema, anaitwa Zainabu Uwera. Na tutamwita Uwera.

Haji Sefu aliweka sahani chini. Kula kulimshinda.

Nyumba yetu inatazamana na kiwanja cha msikiti. Ghorofa likiisha, madirisha yao yatakuwa usawa wa baraza langu. Jina la mlangoni litachongwa mara moja na watu watazoea, hawatalisoma tena. Hili la kwangu nitaliita asubuhi nikimtafuta, nitaliita jioni chakula kikiiva. Uwera, njoo uoge. Uwera, acha mchanga. Kila Haji akipita na kanzu yake kwenda kuswali atalisikia, na itabidi aseme ndani ya moyo wake lile alilokataa kusema nje. Nina matumaini siku moja litamtoka. Kama si yeye, mtoto wake. Mimi ni kijana, nina muda.

Jeneza Yusufu amelitengeneza mguu uliokuwa unacheza. Sanda nazikunja kama ulivyonionyesha, na maji nayapasha moto kila mara, maana ulisema maiti asimwagiwe baridi hata kama hasikii.

Lala, Bibi. Umefagia vya kutosha. Nakuahidi ubao huu hautapanda na jina la Rajabu nikiwa na pumzi, na radhi yako sitaitoa kwa sukari. Nakatisha hapa, Uwera ameamka, namsikia. Ngoja nimwite kidogo kabla sijamchukua, dirisha langu la upande wa kiwanjani liko wazi.

Mjukuu wako,
Mama Uwera