Kinga ya Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka tena. Wala si mwendoni – pikipiki ilikuwa imesimama! Langoni kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nikashusha mguu wa kulia, kumbe pana shimo. Tukalala sote wawili. Mimi mzima. Ekzosi imebonyea na kupasuka kwenye kiungo, inanguruma kama trekta. Mfugaji akasema ng'ombe wamesimama, daktari ndiye kalala. Nikacheka kwa adabu. Nilipoiwasha kuijaribu, ng'ombe wakatimka. Saa nzima kuwakusanya. Nimechanja saba tu kati ya ishirini.

Jumanne, 4 Machi
Kwa Cheche, fundi wa kuchomelea. Ameziba ufa. Kasema ni mara ya tatu, upande uleule, nisimletee tena ugonjwa huu. Kinga ni bora kuliko tiba – mimi ndiye huwaambia wafugaji hivyo kila siku, leo nimeambiwa! Atapinda bomba la chuma litokeze nje zaidi ya ekzosi, pikipiki ikilala liguse chini kwanza. Nikauliza, si tulifunge kwenye ekzosi yenyewe, kazi iwe rahisi? Akanitazama kama nimemwambia amchanje paka kwa msumari. Kwenye fremu! "Mlinzi ukimfunga kamba moja na mwenye mali, akianguka anamvuta." Na katikati iachwe nafasi ya vidole viwili, kwa ajili ya joto.

Alhamisi, 6 Machi
Kinga imefungwa. Bolti tatu, rangi nyekundu. Tumeilaza pikipiki polepole uani kwetu, mimi na Cheche. Ekzosi ikabaki hewani, vidole viwili kamili. Baba akatoka na fimbo yake kuja kuona. Miaka thelathini amepeleka barua kwa pikipiki, ndiye aliyenifundisha kuendesha. Tangu kiharusi cha mwaka jana mguu wa kulia haumtii, na daktari wa watu amemkataza kupanda. Akaipapasa kinga. Kazi safi, akasema, ila dereva mzuri haanguki. Kisha akauliza inahimili uzito gani. Sikufikiria lolote.

Jumamosi, 8 Machi
Tope. Nimeanguka. Kinga imechubuka rangi, ekzosi haina hata alama! Sijawahi kufurahia kuanguka. Nimeipaka rangi upya.

Jumatano, 12 Machi
Siku mbili mkutanoni, kwa gari la ofisi. Nimerudi, kinga ina mchubuko mpya hadi kwenye chuma, na majani yamenasa kwenye bolti. Pikipiki iko palepale kwenye stendi. Stendi iko kushoto. Ikianguka yenyewe inaangukia kushoto. Nimemwuliza Baba. Upepo, akasema. Upepo wenye mikono, basi – umeiangusha kulia, ukainyanyua, ukaisimamisha. Sikusema hivyo. Joto lote hili, yeye kavaa shati la mikono mirefu.
Aliinyanyuaje peke yake? Na mguu ule. Labda ilimchukua nusu siku.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepita kwa Cheche kukaza bolti. Akasema ile ya pili iko tayari. Ya pili ipi? Akasita. Mzee alikuja jana, kwa miguu, akaagiza kinga pana zaidi – mguu upate nafasi, usibanwe pikipiki ikilala.
"Si ulimtuma wewe, Daktari?"
Kutoka nyumbani hadi pale ni mwendo wa nusu saa kwangu mimi. Yeye na fimbo, sijui.
Nikasema ndiyo, nilimtuma.

Jumamosi, 15 Machi
Kinga ya pili nimeifunga mwenyewe. Baba alikuwa kibarazani, anasoma gazeti la juzi.
Ningeweza kuuficha ufunguo wa pikipiki. Nilikaa nao mkononi jikoni hadi chai ikapoa. Halafu nikauweka mezani.

Jumapili, 16 Machi
Asubuhi. Injini imewaka – si mimi. Naandika dirishani. Baba yuko juu ya pikipiki, fimbo kaifunga nyuma kwa mpira. Helmeti yangu inambana mashavu. Amezunguka ua mara moja. Mara mbili. Anaachia klachi kwa ulaini zaidi kuliko mimi. Kwenye kona mguu wa kulia umechelewa, pikipiki imelala – taratibu, kama mtu anayeketi. Nimesimama.
Mguu haukubanwa. Ameuchomoa. Kakaa chini kidogo, anapumua. Ekzosi haijagusa.
Ameipa pikipiki mgongo, kaishika, kaisukuma juu kinyumenyume kwa makalio. Hiyo hakunifundisha!
Kapanda tena. Sasa yuko mbele ya lango. Limefungwa. Hageuki kunitazama. Amepiga honi.
Amepiga tena.