Krismasi ya Kumenya Viazi

Kwa akina Pengelly,
Moonta Bay,
Australia Kusini.

27 Desemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Coral,

Pokea salamu zangu nyingi zenye joto, na nikisema joto sitanii. Juzi kipimajoto cha Colin wa Glenys kilipanda hadi nyuzi arobaini na moja kikakaa hapo hapo, kama mgeni asiyejua kuaga. Hujambo huko Aberdeen? Alistair anaendeleaje na mgongo wake? Watoto je? Na mama mkwe wako, bado anasema chai yako ni nyepesi? Sisi huku wazima. Goti la mume wangu Des hulalamika tukiwa barabarani na hunyamaza tukifika penye bia, kwa hiyo nimeacha kulihurumia.

Kadi yako ya Krismasi nimeiona. Nimeiona juu ya friji ya shoga yangu Glenys, maana ulimwandikia yeye. Yangu nadhani bado inatufuata njiani. Ni kadi nzuri, theluji imechorwa vizuri, na maneno ni mengi kweli, hata nyuma umeandika. Basi, si neno.

Tulifika hapa tarehe ishirini na mbili tukitokea Broken Hill. Karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu, ilikuwa nyuma, na mimi mbele nimepakata ile sahani ya kioo yenye mguu, ya marehemu mama, siku nzima. Des akaniuliza kwa nini nisiifunge kwenye blanketi. Nikamwambia kuna vitu havifungwi kwenye blanketi. Wewe unajua sahani hiyo ni ya nini. Tangu enzi zile mimi na Glenys tukiwapikia wakata manyoya ya kondoo, Krismasi ikitukuta popote, yeye hupika nyama na mimi hutengeneza pavlova, ile keki nyeupe ya povu la mayai. Miaka ishirini na sita. Watu wengine wana cheo kanisani, mimi nina ute wa mayai na sukari.

Aliyetufungulia lango hakuwa Glenys. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye magoti mazuri, amevaa kaptura, jina lake Raelene Tonkin. Ni jirani wa ng'ambo ya uzio, kahamia mwezi wa tatu. Anamwita Glenys "Glen". Mimi nimemjua Glenys tangu ana meno yake yote na sijawahi kulifupisha jina lake.

"Karibuni, karibuni! Wewe ndiye Merle! Glen kanisimulia habari zako zote."

"Zote?"

"Zile nzuri."

"Basi hamkukaa sana."

Akacheka mpaka akashika lango. Hilo nalo likanikera, kwa sababu nilitaka achukie.

Coral, huyu mwanamke anajua mwiko mkubwa unakaa droo gani. Mimi ndiye niliyemnunulia Glenys mwiko huo, na nilikuwa nautafuta kwenye droo ya pili wakati Raelene ameshautoa kwenye ya nne. Kila asubuhi saa kumi na mbili wanakwenda kuogelea, wao wawili. Glenys! Yeye aliyeniambia miaka thelathini kwamba bahari ni ya samaki! Nimemwona kwa macho yangu akirudi na nywele zimelowa, anacheka jambo walilosemezana majini ambalo mimi sikuambiwa. Nikauliza linachekesha nini. Wakasema, "Ah, ilibidi uwepo."

Tarehe ishirini na tatu, tukinywa chai, Glenys akaweka kikombe chini taratibu. Mtu akiweka kikombe namna ile, ujue kuna jambo.

"Merle, shoga yangu, mwaka huu pavlova atatengeneza Raelene. Wewe umesafiri, umechoka. Utanisaidia viazi."

"Vizuri sana," nikasema.

Nikarudi kwenye karavani, nikailaza sahani ya mama kitandani, nikaifunika blanketi. Des akainua gazeti.

"Si ulisema haifungwi kwenye—"

"Des, nyamaza."

Sikulia, kama ndivyo unavyodhani. Nilikaa tu. Nilikuwa nawaza kwamba nyumbani kwangu mimi na Des tumepangisha watu, karavani haina anwani, na mahali pekee nilipokuwa na uhakika kuna kiti changu ni mezani kwa Glenys. Sasa hata hapo nimekuwa mmenya viazi.

Siku iliyofuata Raelene akaja kuoka kwenye oveni ya Glenys, maana mlango wa oveni yake haufungi sawasawa. Nikajiweka pale jikoni nikisingizia kusoma gazeti, kumbe natafuta kosa. Sikulipata. Alitenga viini bila kudondosha hata tone, akapiga ute mpaka ukasimama wenyewe, akatia kijiko kidogo cha siki kama inavyotakiwa. Jioni akazima moto, akaiacha ndani ipoe polepole hadi asubuhi, akasema kwa sauti, "Glen, nimeiacha humo, msifungue!" Kisha akaenda kwake.

Hapa ndipo pana jambo. Katika majiko yetu ya kambini, kitu kikiachwa ndani ya oveni kupoa, unafunga kitambaa cha kufutia vyombo kwenye mpini wa mlango. Kitambaa kikiwepo, hakuna anayewasha. Oveni ya Glenys ni ya zamani, haina kioo cha kuchungulia, naye sikio lake humwaga haraka yale anayoambiwa. Raelene hakujua desturi hiyo. Mimi niliuona mpini uko mtupu. Niliuona tangu jioni, na kitambaa kilikuwa begani mwangu.

Asubuhi ya Krismasi, saa mbili, Glenys akaingia jikoni akiwa na kiberiti. Alitaka viazi na maboga viokwe mapema kabla jua halijatuchoma. Mimi nilikuwa mezani, hatua mbili kutoka pale, na kisu mkononi. Akafungua gesi, akawasha kupitia tundu la chini, akapandisha moto wote.

Nikamenya kiazi. Nikamenya kingine.

Sitakwambia nilisahau. Nilihesabu. Nilifika kiazi cha kumi na moja ndipo harufu ya sukari inayoungua ikatoka.

"Mungu wangu, pavlova!" Glenys akapiga ukelele, akafungua, moshi ukamwagika kama gari moshi la zamani. Wakati huo huo Raelene akaingia na bakuli la pasheni alizozikamua. Akasimama. Akakitazama kile kitu, kimekuwa cha rangi ya kahawia, kimebonyea katikati.

Nilingoja alie, Coral. Nilikuwa tayari hata kumpa kitambaa.

"Jamani," akasema, "mbona inafanana na kofia ya Colin?"

Na ilifanana! Colin akaenda kuileta ile kofia, wakaziweka sambamba, watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Nikajitolea kutengeneza nyingine upesi upesi. "We Merle, kaa upumzike," wakaniambia. Raelene akaivunja ile iliyoungua vipande vipande, akainyunyiza juu ya aiskrimu pamoja na pasheni, na wajukuu wa Glenys wakagombania. Jirani mmoja wa siku nyingi alisema ni pavlova tamu kuliko zote alizowahi kula. Zile zangu ishirini na sita amekula kumi. Mimi nilikaa na taji langu la karatasi la Krismasi kichwani, natokwa jasho, natafuna kosa langu mwenyewe, na ubaya ni kwamba lilikuwa tamu.

Baada ya chakula wanaume wakalala chini ya feni, Raelene akaenda kwake kujinyoosha. Mimi na Glenys tukabaki tunafunga vichwa vya kamba wa baharini tuliowala kwenye gazeti, tuviweke kwenye friza visije vikanuka kabla ya siku ya gari la taka.

"Merle."

"Naam."

"Miaka yote tuliyopika pamoja, hujawahi kuniacha niwashe oveni bila kunipigia kelele nichungulie. Hata ile siku una homa, ulipiga kelele kutoka kitandani."

Nikaendelea kufunga gazeti.

"Leo ulikuwa hapa. Kimya kama sanamu."

"Nilikuwa namenya viazi."

"Umemenya viazi vya kulisha jeshi, bibie. Tulikuwa watu tisa."

Basi nikasema. Nikamwambia amenipokonya kitu changu akampa mtu wa miezi tisa, mtu anayemwita Glen, mtu anayejua droo. Nilidhani atakasirika. Akatupa kichwa cha kamba mezani.

"Nilikupokonya makusudi!"

"Unasemaje?"

"Umeondoka mwezi wa pili. Umeniletea postikadi nne. Nne, Merle! Na zote ni Joyce, Joyce. Joyce katufundisha kuvua kaa. Joyce kapika supu. Joyce ana kicheko kizuri. Nani alikuuliza kicheko cha Joyce?"

"Joyce tulipakana naye kambini tu, wiki tatu!"

"Na huyu tumepakana uzio tu! Nilitaka ukasirike. Nilitaka uniambie, Glenys, ondoa mkono kwenye mayai yangu. Badala yake ukaniambia 'vizuri sana'. Mtu mzima na akili zako, 'vizuri sana'!"

Coral, sikumbuki lini nimefurahi hivyo. Mtu amenionea wivu mwaka mzima na mimi nilikuwa huko Cairns, kaskazini, sina habari.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja, maana kupitia dirishani zilionekana nguo za Raelene zimeanikwa uani kwake.

"Utamwambia," akasema Glenys.

"Tutamwambia."

"Wewe ndiye uliyenyamaza."

"Wewe ndiye uliyewasha."

Tukaenda wote. Tukasimama mbele ya mlango wake wa wavu na mataji yetu ya karatasi bado kichwani, nikaeleza mimi, yote, hadi kile kiazi cha kumi na moja. Alisikiliza bila kufungua.

"Mna umri gani ninyi wawili?"

"Hamsini na tisa," akasema Glenys.

"Sitini," nikasema.

"Yale mayai yalikuwa ya kuku wangu. Kwenye joto hili wanataga kwa shida. Nimeyaweka moja moja wiki nzima, kwa sababu ni mara ya kwanza tangu nihamie hapa mtu kunipa kazi ya maana."

Akafunga mlango wa ndani. Hakuubamiza, na heri angeubamiza. Nimemwonea wivu kwa magoti, kwa mwiko, kwa kuogelea. Pale nikamwonea wivu kwa jambo kubwa zaidi, kwamba hakuwa na kosa lolote.

Jana, siku ya pili ya Krismasi, tulishinda hatuna raha. Glenys hakwenda kuogelea. Saa nne hivi Raelene akaingia bila kubisha, akaweka trei ya mayai mezani.

"Haya ni ya kituo cha mafuta. Ya kuku wangu hamyapati tena. Sita yako, sita yako. Mimi nakaa pale chini ya feni."

Tukapika, Coral, kama wasichana wa shule waliofungiwa. Glenys kwenye oveni yake, mimi kwenye ile ya karavani iliyo sawa na kasha la viatu, nimefunga kitambaa kwenye mpini na Des nimemweka mlangoni alinde. Alasiri tukampelekea zote mbili, yangu ikiwa juu ya sahani ya mama. Colin na Des walivua kofia kama wako msibani. Raelene akaonja ya kwanza. Akaonja ya pili. Akarudia ya kwanza. Akafuta mdomo.

"Moja ni nzuri kuliko nyingine."

"Ipi?" tukauliza pamoja.

"Nitawaambia Krismasi ijayo. Mje wote wawili, nyumbani kwangu. Viazi nitamenya mimi."

Tangu hapo tumembembeleza, tumemtega, Glenys amemfuata hadi majini. Hasemi. Anatabasamu tu. Tulipanga kuondoka leo, lakini nimemwambia Des goti lake linahitaji mapumziko. Ninavyoona mimi, alikula vipande viwili vya Glenys na kimoja changu, ila changu kilikuwa kikubwa.

Nisalimie Alistair, na Fiona na mdogo wake, na mama mkwe mwambie chai nyepesi haijaua mtu. Des anakusalimu. Glenys naye anakusalimu, ingawa najua utamjibu yeye kwanza. Mungu awalinde na baridi hiyo, awajalie mwaka wenye afya na watu wa kugombana nao.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko wote uliowaandikia kadi,

Merle