Nyati wa Watu na Mtandio wa Vioo

Bi Mehtab mpendwa wa redio yetu,

Asalaam aleikum. Naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naomba usilitaje jina langu, kwa sababu huku kwenye tuta la mto hapa Dadu, tulikokimbilia mafuriko, mahema yamebanana, redio ikifunguliwa kwa jirani na sisi tunasikia, na yule mama ninayetaka kukueleza habari zake hakosi kipindi chako.

Maji ya mto yalipokuja mume wangu alimfunga nyati wetu wa maziwa akakaza kamba mbili, akisema wezi hupenda vurugu, nasi tukakimbilia tutani tumembeba ndama, na tuliporudi kutazama nyati alikuwa amekufa palepale kwenye kigingi, na mpaka leo sijui nimlaumu mume wangu au nijilaumu mimi niliyenyamaza. Kesho yake nikaona nyati mwingine, wa rangi ya kahawia, amenasa kwenye mgunga katikati ya maji, hoi, shingoni kafungwa mtandio mwekundu ulioshonewa vioo. Niliingia maji mpaka kifuani, Bi Mehtab, mimi nisiyejua kuogelea, nikakata matawi kwa mundu nikamtoa, nikampaka vidonda manjano na mafuta ya haradali, nikamfukuzia nzi kama mtoto niliyemzaa. Wallahi wakati ule sikuwa na nia mbaya.

Alikuwa na maziwa lakini hana ndama, wake nadhani alikwenda na maji, na ndama wetu alikuwa analia njaa, nikamsogeza, nyati akampiga teke, nikamsogeza tena, teke. Siku moja jua likanichoma nikajitanda ule mtandio kichwani, basi nyati akaninusa, akatulia, akaachia maziwa, ndama akanyonya mpaka povu likamjaa mdomoni. Tangu hapo lazima nijitande na kusimama karibu yake, la sivyo hatoi hata tone.

Sasa juzi kwenye foleni ya lori la maji nilijisahau nikaenda nao kichwani. Mama mmoja mjane, wa kijiji cha ng'ambo, akanitazama akasema, "Shoga, mtandio mzuri huo, umeupata wapi?" Nikamwambia, "Mume wangu kaniletea kutoka sokoni." Akasema, "Ana jicho huyo. Mimi wangu nilimfunga Bhuri shingoni. Boti haikutaka mifugo, nikamfungua kamba, nikamwambia, nenda mama, atakayekuona atajua una mwenyewe." Akajaza ndoo yake akaenda, na mimi ndoo yangu ilinishinda kubeba.

Kila jioni anapita juu ya tuta akiita, "Bhuri! Njoo, Bhuri, njoo mama!" na nyati wangu, si wangu, anainua kichwa, anaacha majani, hali tena, na mimi namziba masikio kwa viganja vyangu, masikio ya nyati mzima! Nimemwambia mume wangu tumrudishe, akanijia juu: "We mwanamke, mto hauombi risiti! Ukifungua mdomo tutasimamishwa mbele ya wazee kama wezi wa mifugo, na hapo hatutoki." Anataka Ijumaa, barabara ikikauka, tuhamie kwa kaka yake pamoja na nyati. Nikimrudisha, ndama atakufa, na ndama ndiye kitu pekee tulichobaki nacho duniani. Nisipomrudisha, sauti ya yule mama itanifuata mpaka huko. Naogopa kila anayepita karibu na hema. Nifanye nini?

Ni mimi, mwenye mashaka wa tutani


Mwanangu wa tutani,

Pole sana. Kuingia maji mpaka kifuani nawe hujui kuogelea si mchezo. Wengi wangebaki juu ya tuta wakimwonea huruma kwa macho. Kwa hilo nakupa heko, na sitakubali mtu akuite mwizi kwa siku ile.

Kwa siku zilizofuata, hapo tuna maneno. Umeandika "nyati wangu", kisha ukajikatiza mwenyewe, "si wangu". Sasa mimi unaniuliza nini? Kitu cha kuokota hutangazwa hata kikiwa sindano, sembuse nyati mwenye jina. Na yule mama amekwisha kukujua. Unadhani alikueleza habari za boti na shingo ya nyati kwa kupiga soga tu? Alikufungulia mlango uingie na heshima yako. Wewe ukasimama na ndoo.

Kuhusu ndama nakushangaa, mke mzima wa mfugaji! Mimi nimekulia zizini. Nyati asiye na ndama wa kumnyonya hukauka. Mama yule akimchukua peke yake, atakuwa na nyati mkavu. Ukibaki na ndama peke yake, utakuwa na ngozi. Anamhitaji ndama wako kama unavyomhitaji nyati wake, ila hajui, kwa sababu unamficha.

Basi uvue huo mtandio, ukunje, umpelekee mkononi mwake. Mwambie, "Nyati ni wako, ndama ni wangu, tuwafunge pamoja mpaka huyu mdogo aanze kula majani." Kisha mfungue Bhuri mbele ya watu, mumeo akiwepo, aende mwenyewe kwa anayemjua. Mzee gani atamwita mwizi mtu aliyefungua kamba kwa mkono wake? Na mumeo mwambie nimesema hivi: alikaza kamba mara moja, akaona kilichotokea. Asikaze ya pili.

Ulimwokoa na maji, mwanangu. Sasa mwokoe kutoka kwako.

Jambo moja limebaki. Uliniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. Hukuniomba nifiche jina la nyati, wala vioo vya mtandio, na barua yako nimeisoma hewani yote, kama ulivyoiandika. Ni wewe uliyeniambia mama yule hakosi kipindi. Nadhani moyoni ulijua unachokifanya. Ninavyosema hivi, naamini mama yule ameshainuka anatafuta viatu vyake. Usimngojee ndani ya hema. Toka umlaki, na ndama umtangulize.