Heshima ya babu yake Mzee Yiamat

Tabea, acha unachofanya usome hii. Asubuhi hii nilikuwa kwenye kikao cha madiwani.

Yule Mzee Yiamat mwenye majumba Sombetini anataka mtaa uitwe jina la babu yake. Eti babu alitunukiwa uraia wa heshima wa mji enzi za mkoloni. Akataka nilete daftari la mihtasari ya vikao vya zamani kutoka kwangu masjala. "Ushahidi wote uko humo!"

Limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwenyekiti akaniambia niwasomee kwa Kiswahili. Nikasoma: "Ombi la uraia wa heshima limekataliwa kwa mara ya tatu. Mwombaji amelipendekeza jina lake mwenyewe."

AMELIPENDEKEZA JINA LAKE MWENYEWE, Tabea! Mara ya tatu!

"Soma vizuri, binti," akasema Mzee Yiamat. Nikarudia, polepole kabisa. Diwani mmoja akapaliwa na chai.

Basi akageuka: "Hayo ni maneno ya wakoloni, chaneni hiyo karatasi!" Dakika tano nyuma si ilikuwa ushahidi? Akanyoosha mkono kweli achane. Nikalikalia daftari. Ndiyo, nimelikalia, mbele ya madiwani wote.

Mtaa amenyimwa. Sasa kaleta barua masjala, eti nimemdhalilisha, nifukuzwe kazi.

Nimeipokea, nimeigonga muhuri, nimeiweka kwenye faili la maombi ya babu yake.